Mihogo juu ya ngome: Mama Ngina, St Joseph na lile gereza la Ngomeni

#1 Mwana_wa_Kuze

Assalaam aleikum wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye chai aiteleke.

Jumapili nilimpeleka mpwa wangu bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa. Katoka Nakuru, yuko likizo, ana miaka 11 na maswali kama askari wa trafiki. Tukanunua mihogo ya kukaanga. Muuzaji akaipasua kati, akapaka pilipili, akakamulia ndimu, tukaketi kutazama maji. Mara meli ya makontena ikatokea mbele yetu, karibu mno, hata baharia mmoja akatupungia mkono na mpwa wangu akaangusha muhogo wake.

Akauliza: "Mjomba, kama hii ingekuwa meli ya adui?"

Nikamwambia hapo unapouliza ndipo palipojengwa jibu. Akadhani namtania.

Wengi wetu ukitaja ngome Mombasa tunaelekea Fort Jesus moja kwa moja. Lakini hapo Ras Serani, karibu na mnara wa taa, pana mabaki ya ngome nyingine, St Joseph, ya Wareno wa karne ya 17. Mawe ya matumbawe na chokaa, yameliwa na chumvi mpaka yana matundu kama sifongo. Watu huegemea, watoto hupanda, mabibi harusi hupigwa picha. Bustani nzima ya Mama Ngina imekaa juu ya ardhi ya ulinzi wa pwani.

Tazama ramani utaelewa. Meli ikitoka bahari kuu hupita mlango mmoja kwenye mwamba. Ikishaingia, njia zinagawika: kulia unapita chini ya Fort Jesus kwenda Bandari ya Kale, kushoto unaingia Kilindini. Ras Serani ndiyo panda ya njia hizo. Mwenye macho pale huona kila kinachoingia kisiwani kabla hakijaamua kinakwenda wapi.

Fort Jesus ndiyo iliyokuwa roho. Ilianza 1593, ikamalizika 1596, mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati aliyekuwa akimfanyia kazi mfalme Philip wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa na taji la Ureno pia. Huambiwa ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Na Wareno hawakuijenga kwa kuwaogopa wenyeji peke yao. Mwaka 1589 walimkamata hapa Mombasa Mir Ali Bey, nahodha wa Waturuki, na mwaka uo huo Wazimba wakavuka kutoka bara wakauchinja mji. Kwa hivyo hofu ilikuwa ya pande mbili: baharini Mturuki, bara Mzimba. Ndiyo maana hata Makupa, palipokuwa na kivuko cha miguu maji yakikupwa, waliweka vingome vidogo.

Sasa swali langu kwenu. Ngome moja leo ni urithi wa dunia, UNESCO iliiandika 2011. Nyingine ni kiti cha kulia mihogo. Kwa nini?

#2 BintiMajengo

Waleikum salaam. Mimi n'mepiga picha za harusi yangu pale, nimeegemea ukuta huo huo na shela langu jeupe likashika vumbi la chokaa. Miaka tisa leo ndio naambiwa ilikuwa ngome! Kumbe mume wangu alinichumbia kwenye zamu ya ulinzi.

Jibu langu: iliyobaki ni ile iliyokuwa kubwa. Kuta nene, nani atazibomoa?

#3 Mwana_wa_Kuze

@BintiMajengo hongera ya kuchelewa 😂. Ukubwa upo, lakini si jibu kamili. Gedi ulikuwa mji mzima wenye ukuta na msikiti wa Ijumaa, na ulimezwa na msitu. Mimi naona kilichoiokoa Fort Jesus ni kwamba haikuwahi kukosa kazi. Kila aliyeuchukua mji aliihitaji.

Na kazi ya mwisho ilikuwa ya aibu. Mwingereza alipotangaza himaya yake 1895 aliifanya jela, ikawa jela mpaka 1958. Na jela huwezi kuiacha iporomoke, wafungwa watatoroka. Kwa hivyo ukuta ukizibwa, mlango ukitiwa mafuta, paa likivuja linapandiwa.

Kituko kiko kwenye lugha yetu. Neno *gereza* wajuzi wa maneno hulirudisha kwa Kireno *igreja*, maana yake kanisa. Ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, na jengo la kanisa lilipokuja kufungiwa watu, jina likabaki na maana ikahama. Wareno walikwenda zao wakatuachia meza, leso, bendera, mvinyo na gereza. Hesabu hiyo mtaifanya wenyewe.

#4 Mzee_Bandarini

Wanangu, mimi nina miaka 77, jela ile niliiona ikiwa jela. Tukienda kuvua kwa mshipi pale chini ya ngome, mamangu alikuwa akituasa tusitazame juu. Wakubwa hawakusema fulani amefungwa, walisema "yuko Ngomeni", basi mtu anajua. Hata leo nikiona watalii wamepanga foleni na kofia zao za ukili wakilipa ili waingie, nacheka peke yangu. Zamani watu walikuwa wakilipa watoke.

Kijana wa Kuze umesema kweli kuhusu kazi, lakini umeiruka hatua moja. Mwaka 1958 haikutoka jela ikawa makumbusho siku ya pili. Tarehe 24 Oktoba 1958 ilitangazwa kuwa *hifadhi ya taifa*, ikawekwa chini ya wadhamini wale wale wa mbuga za wanyama. Ndiyo, wale wa Tsavo. Gedi vilevile ilikuwa hivyo tangu 1948, na mtu aliyewekwa kule, James Kirkman, ndiye aliyekuja kuichimba Fort Jesus kwa msaada wa fedha za mfuko wa Gulbenkian wa Ureno. Yaani serikali ya wakati ule ilikuwa na daftari moja: ndovu, faru, Gedi, Fort Jesus.

Kwa hivyo nyinyi mnaosema ngome moja ikawa makumbusho na nyingine ikawa bustani, kwa karatasi Fort Jesus ndiyo iliyotangulia kuwa bustani.

#5 Tuktuk_ya_Tudor

Mzee hiyo ya ndovu imenimaliza. Askari wa wanyamapori analinda mzinga!

#6 Mkweli_Mchungu

Samahani nitaharibu sherehe. Mareno alikuja na mizinga, Almeida akauchoma mji 1505, akina da Cunha wakaurudia baadaye. Leo sisi wajukuu wa waliochomewa nyumba tunalilia ukuta wa Mareno ati usianguke. Uanguke! Mimi pale nakula mihogo kwa amani kabisa na najua nimewakalia.

#7 Mwana_wa_Kuze

@Mkweli_Mchungu kuwakalia nako ni haki, sikukatazi. Lakini huo si ukuta wa Mareno peke yake. Fanya hesabu. Wareno walikaa Fort Jesus miaka mia na kidogo. Waomani waliingia Desemba 1698, na tangu hapo ngome ilikuwa mikononi mwa wenye vilemba, Waomani, ukoo wa Mazrui, kisha watu wa Seyyid wa Unguja, mpaka 1895. Hiyo ni karibu miaka 200, ukitoa kile kipindi cha 1728 na 1729 Wareno waliporudi kidogo wakafukuzwa tena. Ukienda pale kuna nyumba ya Kiomani juu ya buruji, na maandishi ya Kiarabu kwenye boriti. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea pale mpaka uhuru unakaribia, maana ukanda wa pwani ulikuwa wake kwa mkataba.

Kisha kuna watu wetu wenyewe. Yusuf bin Hassan, Sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa fitina ya Wareno, yeye akapelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa huku kama kibaraka. Agosti 1631 akaingia ngomeni, kapteni akampokea kama rafiki, naye akamchoma jambia. Ngome ikawa yake. Mwaka uliofuata Wareno wakaja na majeshi wakashindwa kuitwaa, kisha yeye mwenyewe akaiacha akaingia baharini.

Na upande wa pili, Bwana Daud wa Faza. Waomani walipoizingira ngome 1696, mlikuwa na Wareno wachache sana na mamia ya Waswahili waliokimbilia ndani na watoto wao. Tauni na njaa ikawamaliza. Ikafika Agosti 1697, kapteni amekufa, anayeshika ngome ya mfalme wa Ureno ni Mswahili wa Faza na jamaa zake. Mzingiro ulikwenda miezi 33. Waomani walipopanda ukuta, ndani walikuta kapteni mwingine aliyekuja baadaye, wanaume tisa na padri mmoja.

Sasa niambie, ukuta huo ni wa nani?

#8 Mkweli_Mchungu

Ya Bwana Daud sikuijua. Lakini naye alikuwa upande wa nani huyo? Mimi bado nawakalia.

#9 Mzee_Bandarini

Alikuwa upande wa Faza, mwanangu. Wapate walikuwa na Waomani, na Faza na Pate zilikuwa hazipatani. Siasa ya pwani yetu haikuanza jana.

#10 MwanaMihogo

Mimi nitasema ya bustani yenyewe kwa sababu nimelelewa na bustani hiyo. Mamangu ameuza mihogo na madafu Lighthouse, hapo kwenye mnara wa taa, tangu sijazaliwa. Karo yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye karai lile.

Barabara ile zamani iliitwa Azania Drive. Ilikuwa ni upepo, mibuyu, na magari yameegeshwa yakitazama bahari. Jumapili jioni utawaona Wahindi, Waswahili, Waarabu, watu wa bara, kila mtu ndani ya gari lake na mlango wazi, na sisi watoto tunakimbia na sahani kutoka gari hadi gari. Mibuyu ile mingine ni ya zamani kushinda sote.

Kisha ukaja ukarabati. Tuliambiwa tuhame "kwa muda", na afisa mmoja, ofisi yake siitaji, akamwandika mamangu kwenye orodha, orodha ikapotea, akaandikwa tena, ikapotea tena. Miezi ile mamangu aliuza mihogo kwenye ngazi za nyumba yetu, wateja wake ni majirani waliomhurumia. Mara ya tatu aliandika mwenyewe jina lake kwenye daftari la yule afisa akapiga picha kwa simu yangu. Ndipo jina likatulia.

Bustani ilifunguliwa 2019. Ekari 26, serikali ilisema imetumia Sh460 milioni, kuna ukumbi wa wazi wa watu wapatao 3,000, vijia, vibanda, viti. Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba mwaka huo ilifanyiwa pale pale. Sitasema ni mbaya. Taa zipo, msichana aweza kupita usiku. Lakini mteja wa gari hatunaye tena kama zamani, sasa mtu huja kwa miguu, na anayetembea hununua muhogo mmoja. Wa gari hununua ya nyumba nzima.

Na hakuna siku hata moja mtalii aliyeniuliza St Joseph iko wapi. Wao huuliza choo kiko wapi.

#11 BintiMajengo

@MwanaMihogo mpe mama salamu. Kumbe ni yule mwenye pilipili ya ukwaju karibu na mbuyu mkubwa? Kama ndiye, nina deni lake la dafu moja tangu kabla ya korona.

#12 MwanaMihogo

😂 Ndiye. Yuwakumbuka. Alisema "yule wa shela".

#13 Kijana_Likoni

Wakubwa naomba kuuliza. Babu yangu alisema pana handaki kutoka Fort Jesus linapita chini kwa chini hadi Lighthouse, ndilo walilotorokea Wareno. Kweli?

#14 Mzee_Bandarini

La hasha. Kinachowatia watu uongo ni ule mpito wa matao ndani ya Fort Jesus. Umechongwa kwenye mwamba unashuka hadi baharini, ili mashua ikileta chakula na watu waweze kupanda bila kupita mlango mkuu. Ukiingia unaona giza na ngazi, akili inamalizia mwenyewe. Kutoka pale hadi Ras Serani ni zaidi ya kilomita moja ya mwamba mtupu. Angekuwepo wa kuchimba hayo, asingeshindwa kuchimba kisima chenye maji matamu, maana maji ndiyo yaliyokuwa yakiwaumiza.

Babu yako tumsamehe, na mimi niliwadanganya wanangu hivyo hivyo wasicheze kule.

#15 Allidina_Old_Boy

Mmeishia 1895 kama kwamba ulinzi ulikwisha siku ile. Ngoja niwavute mbele.

Nje ya Fort Jesus kuna mizinga miwili ambayo si ya Wareno wala ya Mazrui. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine wa HMS Pegasus ya Kiingereza. Septemba 1914 Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Unguja. Mwaka uliofuata Königsberg nayo ikamalizwa kwenye delta ya Rufiji. Sasa wamewekwa pamoja, muuaji na marehemu, na watoto wa shule wanapanda juu yao wote wawili.

Kisha 1942. Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi wa Aprili, Waingereza walikirudisha nyuma kikosi chao cha manowari cha Mashariki kikaja kukaa Kilindini. Ile njia ya kushoto aliyoieleza mwenye uzi, ambayo Wareno waliiwekea kingome tu kwa kuwa jahazi zao zilitia nanga upande wa pili, ikawa ndiyo makao ya manowari za Bahari Hindi. Na pamoja na meli walikuja wavunja siri, watu wa kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua maandishi yao ya siri. Waliwekwa wapi? Shule yangu, Allidina Visram! Ndani ya madarasa yale walifumbua namba za siri za meli za mizigo za Wajapani. Mimi nilichapwa kwenye darasa moja la shule ile kwa kushindwa kufumbua hesabu ya logi. Laiti ningalijua, ningemwambia mwalimu nchi hii imeshatimiza kiwango chake.

#16 Tuktuk_ya_Tudor

Logi zilikuwa za Mjapani mwenyewe.

#17 Mwana_wa_Kuze

@Allidina_Old_Boy hapo umenisaidia jambo. Kilindini ni kilindi, kina cha maji, jina linasema lenyewe. Lakini kina hicho hakikuwa na faida kubwa kwa mwenye jahazi. Jahazi lataka ufuo wa kulaza ubavu lipakwe sifa, yale mafuta ya papa, na Bandari ya Kale ilitosha. Ilipoanza reli 1896 na meli za chuma zikaja, ndipo upande wa nyuma wa kisiwa ukawa upande wa mbele. Ngome kubwa ikabaki inalinda mlango ambao haupitwi tena na vita. Na kingome kidogo kikabaki kinatazama mlango ambao dunia nzima inapita, lakini hakina tena mzinga wala paa.

Yaani ngome ndogo ilikuwa mahali sahihi kwa wakati usio wake. Niliyaandika haya saa sita usiku, mnisamehe.

#18 Mkweli_Mchungu

Nimekwenda leo baada ya kazi kwa ajili ya uzi huu, msinicheke. Nimeweka mkono kwenye ukuta. Ndani ya chokaa mna vipande vya kaa na kome. Aliyechanganya ile chokaa hakuwa Mareno, Mareno hakubeba udongo. Ni mtu wa hapa. Basi ukuta ubaki. Lakini wauandikie kibao, kwa Kiswahili kwanza, na jina la Kilindini liwemo, kwa sababu Wakilindini walikuwa na mji wao upande huo kabla ya bustani na kabla ya golfu.

#19 MwanaMihogo

Kibao kikiwekwa, mimi nitakiweka mafuta kila Ijumaa. Kiwe karibu na kwetu tu.

#20 Mwana_wa_Kuze

Mrejesho, kisha nafunga simu.

Jana nilimpeleka kijana Fort Jesus, nikampitisha moja kwa moja kwenye ule ukuta wenye michoro. Wanaoijua wanaijua: askari wa Kireno waliokuwa zamu, hawana la kufanya, walichora meli ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu. Matanga, milingoti, kamba, samaki. Alisimama pale kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ashuke basi.

Jioni tukapita tena Mama Ngina, tukanunua mihogo kwa mama MwanaMihogo (pilipili ya ukwaju ni kweli). Nikajisahau nikizungumza naye habari za orodha zilizopotea. Kugeuka, kijana amechukua kipande cha mkaa uliozimika pembeni ya jiko, yuko kwenye ukuta wa St Joseph, ameshachora ubavu mzima wa meli ya makontena, amefika kwenye yule baharia anayepunga mkono.

Nimefuta kwa leso ya mama na maji ya dafu. Ubavu umefutika. Yule baharia amegoma.

#21 BintiMajengo

Mwache baharia.

#22 Mzee_Bandarini

Mwache, ila huyo mtoto umnunulie daftari kabla hajarudi Nakuru.